Jina Lilihama, Namba Ikabaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika posta ya Biharamulo kabla ya mtu mwingine yeyote, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana vidole, nikakuta mlango umefungwa. Nikakaa kwenye ngazi na sanduku langu la bati. Postamasta alipofika aliniangalia, akaangalia saa yake, kisha akasema, "Wewe ndiye Adela wa Kanazi? Vizuri. Anayewahi anafundishika." Hakuniuliza habari za safari wala kama nimekula. Alinipeleka nyuma, kwenye ukuta wa masanduku ya barua, akaniwekea kikapu kilichojaa, akaniambia nianze kuchambua.

Ninyi vijana mliozaliwa mkakuta simu mkononi hamwezi kujua ukuta ule ulikuwa na maana gani. Siku zile familia ya kawaida haikuwa na sanduku la posta. Sanduku lilikuwa la shule, la parokia, la hospitali, au la mfanyabiashara mwenye duka sokoni. Watu wa kata nzima walipokea barua zao kupitia sanduku la shule. Kwa hiyo kwenye bahasha liliandikwa jina la mtu, na chini yake namba ya sanduku. Ukikosea namba, barua haifiki shuleni. Ukisahau jina, barua inafika shuleni halafu inabaki mezani kwa mwalimu mkuu, kwa sababu barua isiyo na jina huhesabiwa kuwa ya mwenye sanduku. Nimeona barua za namna hiyo zikikaa hadi wino unafifia. Likumbukeni jambo hili, maana nitalirudia.

Baada ya miezi michache nilizijua namba zote kwa kichwa, na nilijivuna kwa hilo kuliko inavyofaa. Postamasta alikuwa na daftari kubwa jekundu la wenye masanduku, lakini mimi sikulifungua tena. Siku moja niliweka barua za fundi cherehani katika sanduku lake la zamani, wiki tatu baada ya yeye kulirudisha na kuchukua jingine. Postamasta aliziona. Hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti, na ndiyo maana tulimwogopa.

"Adela," alisema, "daftari hili watu wakihama linaandikwa upya. Kichwa chako nani anakiandika upya?"

Nikaomba radhi, nikahamisha barua. Nilidhani nimeelewa.

Nilikaa posta miaka kumi na mmoja. Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Yaliyotokea ng'ambo ya mto sitayasimulia. Wanaoyajua wanayajua, na hayakuwa kazi yangu. Nasema tu tuliyoyaona upande wetu: barabara iliyozoea mbuzi na baiskeli ilijaa watu usiku na mchana, vilima vikageuka rangi kwa maturubai, na mwanamke wa Ngara akitaka kuni alitembea nusu siku. Waliokuja kutoka Rwanda walipoondoka, wengine walizidi kuja kutoka Burundi, na kambi hazikukauka kwa miaka mingi. Mashirika ya misaada yalitafuta wenyeji wanaojua kusoma, kupiga chapa na kuelewana na wageni. Mimi ni Mhangaza. Kihangaza na Kirundi ni majirani wa kuombana chumvi. Nikaandika barua ya maombi, nikaitwa Ngara.

Aliyenipokea alikuwa Mkuu wa Mawasiliano wa shirika letu, mwanamume mwembamba kutoka Moshi aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Aliniuliza, "Unajua nini kuhusu kompyuta?"

"Sijui kitu, bwana mkubwa. Najua posta."

Akacheka kidogo. "Basi unajua nusu yake. Kaa."

Alinifundisha kwa subira ambayo sijaiona tena kwa bosi yeyote. Aliniambia kwamba kila mashine iliyoko kwenye mtandao ina namba yake, kama sanduku la posta. Mashine inayohifadhi kurasa na kuzigawa kwa wanaoziomba huitwa seva. Binadamu hawezi kukumbuka namba zote hizo, kwa hiyo anaandika jina, na kuna seva za majina ambazo kazi yake ni kujibu swali moja tu: jina hili liko kwenye namba gani? Zikishapata jibu haziulizi tena kila mara. Huliweka jibu katika akiba kwa muda uliopangwa na mwenye jina, saa chache au siku kadhaa, na muda ukiisha hulifuta na kuuliza upya. Akiba inaharakisha kazi. Ubaya wake ni mmoja: mwenye jina akihama leo, aliye na jibu la jana atakwenda kubisha kwenye nyumba ya zamani hadi akiba yake iishe.

Nilimwambia, "Ni daftari jekundu, lakini linalojifuta lenyewe."

"Hasa," alisema, na tangu siku hiyo hakunieleza jambo mara mbili.

Mtandao wetu pale Ngara ulipitia dishi lililosimama nyuma ya ofisi, limezungushiwa miiba ili mbuzi wasiliguse. Mvua ikinyesha, dishi linakufa. Hata siku ya jua, kuuliza jina moja tu kulichukua muda mrefu, na mara nyingi swali lilipotea njiani. Hapo ndipo nilipofanya jambo lililonipa sifa. Ndani ya kila kompyuta kuna faili dogo ambamo mtu anaweza kuandika kwa mkono wake jina na namba yake. Kompyuta husoma faili hilo kwanza, na ikikuta jibu humo haiulizi mtu mwingine. Nilikaa Jumamosi nzima nikaandika namba za kurasa tulizozitumia kila siku katika kompyuta zote saba za ofisi. Jumatatu kurasa zilifunguka upesi kuliko wakati wowote. Mkuu wa Mawasiliano alinisifu mbele ya wenzangu. "Adela ametuokolea nusu ya asubuhi," alisema. Nami nikavimba kichwa tena, mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu.

Ukurasa tulioutumia kuliko yote ulikuwa wa orodha ya watoto. Mtoto aliyeokotwa peke yake njiani au kambini alipelekwa katika kituo, akaandikwa jina lake, la mama yake, la mlima wa kwao, yaani kijiji, na alama za mwilini. Vituo vilipeleka karatasi hizo kwa gari moja kwa moja hadi ofisi yetu ya kanda, na huko majina yaliingizwa kwenye tovuti. Sisi Ngara tuliyasoma, na wazazi walikuja kwetu kuuliza. Majina ya Kirundi kila mtu ana lake. Mtoto hachukui la baba, na ndugu wa tumbo moja hawafanani majina. Hakuna ukoo wa kufuata. Ama jina lenyewe limo, ama halimo.

Mratibu wa Watoto, mama mkali mwenye moyo mlaini, alipanga siku ya kuuliza iwe Jumanne, kwa kuwa majina mapya yaliingia Jumatatu. Aliyeuliza alipewa kikaratasi chenye tarehe, jina la mtoto, mhuri wa ofisi na neno moja: YUMO au HAYUMO. Kikaratasi kilimsaidia kuonyesha kambini kwa nini hakuwepo kwenye mgao siku hiyo. Mwandiko ulikuwa wangu. Watu waliniita Mama Orodha, na sikatai kwamba nililipenda jina hilo.

Miongoni mwa waliokuja alikuwapo Domitila, mjane kutoka Burundi, mrefu, mchache wa maneno. Alikuwa amempoteza binti yake wa miaka minne, Kaneza, kwenye kivuko, watu walipokimbia milio ya risasi na mkono ukateleza kutoka kwenye mkono. Mtoto alikuwa na kovu la uji wa moto kwenye kiganja cha kushoto. Domitila alinieleza hayo mara moja tu, bila machozi, huku akinionyesha kiganja chake mwenyewe, mahali kovu lilipo. Kisha akakaa benchi la mbele kungoja.

Wiki moja kabla ya Domitila kufika ilikuwa imekuja barua pepe kutoka kwa Mhandisi wa Kanda. Alieleza kuwa tovuti yetu ilikuwa na mashine yake peke yake, yenye namba yake peke yake, na kwamba namba zimekuwa adimu. Kwa hiyo angeihamishia kwenye mashine moja zinamokaa tovuti za mashirika mengi madogo, zote chini ya namba moja. Mgeni akibisha pale, brauza yake, yaani programu anayofungulia kurasa, itataja jina analolitaka, na mashine itampa ukurasa wa jina hilo. Nilisoma nikatabasamu. Lilikuwa sanduku la shule, majina mengi na namba moja.

Aliongeza maonyo mawili. La kwanza: brauza za zamani sana hazijui kutaja jina. Hubisha kwa namba na kunyamaza, na mashine, isijue mgeni amemfuata nani, humpa ukurasa wa shirika lililoandikwa la kwanza. La pili: kwa siku mbili tatu baadhi ya watu wataendelea kwenda kwenye mashine ya zamani kwa sababu ya akiba. Kwa hiyo ataiacha ikiwaka kwa muda, lakini hataongeza kitu ndani yake. Nilituma barua hiyo kwa ofisi zetu zote, nikaandika juu yake: "Tafadhali someni kwa makini." Mimi mwenyewe niliisoma kwa makini. Halikunijia akilini hata mara moja faili nililoliandika kwa mkono wangu katika kompyuta saba. Akiba ya seva hujifuta, lakini niliyoyaandika mimi yasingefutika mpaka nije niyafute mwenyewe.

Jumanne ile ya kwanza, Domitila akingoja, nilifungua orodha, ikafunguka upesi kama kawaida, sura ileile, rangi zilezile. Nikatafuta Kaneza. Nikaandika HAYUMO, nikagonga mhuri.

Asubuhi ya kesho yake niliitwa kwenye simu ya upepo. Alikuwa Mzee Shabani wa ofisi yetu ndogo ya Biharamulo, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa mjini ambao babu zao walitoka pwani. Alikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyorithiwa kutoka ofisi tatu.

"Shikamoo, Mzee Shabani."

"Marahaba, binti yangu. U hali gani? Watu wa Ngara wazima? Sasa nisikilize, nina jambo la ajabu hapa. Mimi natafuta watoto, mashine inanionyesha nyuki."

"Nyuki?"

"Nyuki, mizinga, asali, na mabwana wawili wamevaa nyavu usoni. Ninaandika jina la tovuti yetu, herufi kwa herufi, zinakuja nyuki. Nimeandika mara nne."

Wote waliokuwa karibu na redio walicheka, nami nikacheka. Nilijua mara moja ni nini: brauza yake ya kale ilibisha bila kutaja jina, ikapewa ukurasa wa shirika lililoandikwa la kwanza, ambalo ni chama cha wafuga nyuki. Yaani barua yake ilibaki mezani kwa mwalimu mkuu. Nilipaswa kumwambia angoje tumpelekee brauza mpya kwenye diski na gari la Ijumaa, lile linalosindikizwa na polisi porini. Badala yake nilitaka kumwonyesha kwamba Mama Orodha hashindwi.

"Usihangaike na jina, mzee," nilisema. "Andika namba hii." Nikamsomea namba kutoka kwenye faili langu.

Redio ikakwaruza, kisha sauti yake ikarudi imechangamka. "Mashaallah! Watoto hao wamekuja. Mungu akuweke, binti yangu."

Ndivyo nilivyofanya. Katika ofisi zetu zote mbili palikuwa na mashine moja tu iliyosema kweli, ile kuukuu ya Biharamulo. Ilikuwa ikipiga kelele kwamba orodha imehama. Nami niliinyamazisha kwa namba ya nyumba ya zamani, na toka hapo Ngara na Biharamulo tulisoma orodha ileile iliyokufa, tukiwa tumeridhika.

Domitila alikuja Jumanne ya pili. Alikuja ya tatu. Alifika kabla hatujafungua, akitembea kutoka kambini, miguu ina vumbi hadi magotini, na aliponiona alisimama, akanisalimu kwa Kirundi. "Mama Orodha, amahoro. Reo yupo?" Ulimi wake ulichanganya r na l, kama wa wengi wetu huku. Nilitazama, nikamwambia hayumo, nikampa kikaratasi. Alikikunja mara mbili, akakitia kwenye pindo la kitenge, akashukuru. Jumanne ya nne Mratibu wa Watoto alisimama nyuma ya kiti changu.

"Adela, mbona orodha imetulia hivi? Mwezi mzima hakuna jina jipya?"

"Watoto wanaopotea wamepungua, mama," nilimjibu. "Tumshukuru Mungu."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Mtu aliyechambua barua miaka kumi na mmoja, anayejua kwamba kikapu kisichojaa ni dalili ya gari lililokwama, aliona orodha isiyosogea akamshukuru Mungu.

Jumanne ya sita Domitila alipokea kikaratasi chake lakini hakuondoka. Aliniambia amejiandikisha kwenye msafara wa kurudi Burundi, Alhamisi. Alisikia kuna watoto waliorudishwa moja kwa moja upande wa kwao, na ndugu yake alimtumia habari kwamba mashamba yanachukuliwa.

"Kama angekuwa huku, wewe ungemwona," alisema. "Umetazama mara sita."

"Nimetazama," nilijibu.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alhamisi aliondoka na malori.

Ijumaa asubuhi orodha haikufunguka. Si kwangu, si kwenye kompyuta yoyote. Nilipiga simu ya setilaiti kwa Mhandisi wa Kanda, nikalalamika kwa sauti ya mtu mwenye haki zake.

"Haifunguki kwa namba gani?" aliuliza. Nikamsomea. "Dada, hiyo ni mashine ya zamani. Nimeizima jana jioni. Kila mtu alishahama tangu wiki sita zilizopita. Ninyi mlikuwa bado mnasoma huko?"

Nilifungua faili, na humo nikaona mistari yangu, mizuri, imenyooka, kila jina na namba yake. Nilifuta mmoja. Orodha ikaja, polepole, kurasa na kurasa za majina ambayo sikuwahi kuyaona. Kaneza alikuwa kwenye ukurasa wa pili. Mama: Domitila. Kovu, kiganja cha kushoto. Aliingizwa Jumatatu ile ya kwanza baada ya kuhama. Mahali alipo: kituo cha watoto, Biharamulo.

Nilikimbilia simu ya upepo nikaita mpakani. Walinijibu kwamba malori ya Alhamisi yalivuka yote, na kwamba ng'ambo watu walishushwa katika vituo mbalimbali na kutawanyika. Hakuna aliyejua nani kashuka wapi.

Mkuu wa Mawasiliano alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama dirishani. Nilitaka anigombeze. "Yule mzee wa Biharamulo alikuambia ukweli," alisema, "ukampa dawa ya kumnyamazisha." Akavua miwani yake, akaifuta kwa sweta. "Nami nilikusifu kwa faili lile. Tutaandika ripoti wawili." Kwa Mzee Shabani nilimwambia mwenyewe, kwenye redio. Safari hiyo hakuniita binti yangu. Alisema tu, "Watoto wa kile kituo hupita hapa dirishani kwangu wakienda kuchota maji. Kila siku, Adela. Nimempungia mkono yule mtoto."

Tulirekebisha tulichoweza. Nilifuta mistari yote katika kompyuta zote saba, na sijaandika mwingine tena. Biharamulo walipelekewa brauza mpya. Mhandisi wa Kanda aliomba wafuga nyuki wakubali mstari mmoja juu ya ukurasa wao: "Ukitafuta orodha ya watoto, bonyeza hapa," ili mwenye brauza ya zamani asibaki mezani kwa mwalimu mkuu. Walikubali bila kuuliza maswali, Mungu awabariki. Nikabadilisha pia kikaratasi. Neno HAYUMO liliondoka. Badala yake niliandika: "Nimetazama orodha iliyoingizwa tarehe fulani, sijaona jina hili." Na kabla ya kugonga mhuri, nilihakikisha tarehe hiyo ni ya juzi na si ya mwezi uliopita.

Domitila alipatikana baada ya miezi kumi na minne. Alipatikana kwa barua, iliyopitia sanduku la parokia moja huko kwao, yenye jina lake waziwazi juu ya bahasha. Mimi ndiye niliyempeleka Kaneza mpakani, pamoja na mlezi wa kituo. Mtoto alikuwa karibu atimize miaka sita. Alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mgeni, akashika kitenge cha mlezi. Domitila hakumvuta. Alichuchumaa, akafungua kiganja chake cha kushoto, akangoja. Mtoto akatazama kiganja, akatazama chake. Iliwachukua muda.

Kisha Domitila aliinuka, akaniuliza, "Alikuwa wapi siku zote?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na maneno yote tayari, nimeyafanyia mazoezi ndani ya gari kutoka Biharamulo. Nikasema, "Mtandao ulikuwa na matatizo."

"Sawa," alisema. "Mashine ni mashine." Akanishukuru. Akaondoka na mtoto ambaye bado hakumshika mkono.

Nilitumikia shirika hadi kambi zilipofungwa. Baadaye halmashauri ya wilaya ilinichukua kutunza kompyuta zake, nikafundisha watendaji wa kata kutoka Bugarama na kwingineko jinsi ya kufungua barua pepe, nikastaafu na hotuba nzuri. Mkurugenzi alisema kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kupoteza kitu. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Nikarudi Kanazi kulima migomba yangu. Kazi niliyoifanya sasa inafanywa na mashine zilizo bora mara elfu, na brauza isiyojua kutaja jina hamtaiona tena maishani mwenu. Lakini akiba bado zipo, na watu wa kuandika namba kwa mkono kwa kuwa wana haraka bado wapo. Ni kwa ajili ya hao nilianza kuandika kumbukumbu hizi. Mkiulizwa habari za mtu, msiseme hayumo. Semeni mmetazama wapi.

Ningeishia hapo, lakini mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule ya kwetu alikuja nyumbani na bahasha. Ilikuwa imekaa mezani kwake wiki nyingi. Namba ya sanduku la shule ilikuwa sahihi, ila mahali pa jina palikuwa pameandikwa "Mama Orodha, Kanazi", na walimu wote ni wageni huku, hakuna aliyemjua mtu huyo. Mpaka mpishi wa shule, mtu wa zamani, alipoiona.

Ilitoka Burundi, kwa anwani niliyomwachia Domitila siku ile mpakani. Kaneza ni mtu mzima sasa, ana watoto wawili. Anasema mama yake amefariki, na kwamba waliishi vizuri lakini palikuwa na jambo moja kati yao. Pale kituoni walezi walimwambia kila wiki kuwa mama atakuja Jumanne. Hakuja. Alikua akiamini kwamba mama yake alirudi nyumbani bila kumtafuta, na Domitila hakuwa mtu wa kujieleza. Baada ya mazishi alifungua kibweta cha marehemu akakuta vikaratasi sita vilivyokunjwa mara mbili. Kimoja alinitumia. Anauliza: "Ni nani aliyeandika kwamba simo, nami nilikuwemo?"

Nimeanza majibu matatu nikayachana. Yote yalianza na mtandao. Kumbukumbu hizi ndizo jibu la nne, na nitalipeleka kama lilivyo, kurasa zote, jina lako likiwa juu ya bahasha.

Kaneza, mama yako alikuja. Alikuja Jumanne sita mfululizo, kwa miguu, akakaa benchi la mbele. Ulikuwemo tangu ile ya kwanza. Mwandiko ni wangu.